Rahisi, Nafuu na Nyepesi: Istilahi za Kuchagulia Programu za Kuhariri Video

Kazi ya kuhariri video, yaani kukata, kupanga na kuunganisha vipande vya picha na sauti hata vikawa kitu kimoja, haimo tena mikononi mwa vituo vya televisheni peke yake. Mwalimu hurekodi somo, ofisi ya halmashauri huandaa taarifa kwa wananchi, na kijana wa mtaani hupiga picha za arusi. Wote hao hapana budi wachague programu ya kompyuta, na aghalabu maelezo wanayoyategemea ni tafsiri. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi uchaguzi huo unavyoweza kuharibika kwa neno moja lililotumiwa ovyo, na kupendekeza namna ya kuepuka hasara hiyo.

Tuanze na neno rahisi. Mtu akisema kwamba samaki leo ni rahisi, twafahamu kuwa bei imeshuka. Akisema kwamba mtihani ulikuwa rahisi, twafahamu kuwa haukumsumbua. Sokoni na shuleni muktadha hutuokoa. Lakini anayechagua programu hupima mambo hayo mawili kwa wakati mmoja, uwezo wa mfuko na kiwango cha ujuzi, na hapo muktadha haumsaidii. Mathalan, programu ya DaVinci Resolve ina toleo lisilolipiwa hata senti moja, nalo latosha kwa kazi kubwa. Mfasiri akiiita programu rahisi, kwa upande wa bei hakusema uongo. Hata hivyo, asili ya programu hiyo ni mitambo ya mafundi wa kusawazisha rangi za filamu, na sehemu zake za kukata, za rangi na za sauti zahitaji mafunzo. Mwalimu anayeanza leo, akiichukua kwa kuwa ameambiwa ni rahisi, ataiacha kabla hajamaliza somo la kwanza, na huenda akadhani kwamba kosa ni lake.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi ya aina hii neno nafuu litumiwe kwa bei, na neno rahisi libaki kwa ujuzi tu.

Jambo la tatu la kupimwa ni nguvu ya mashine. Picha moja ya video ya kiwango cha 4K ina nukta 3840 kwa 2160, ambazo ni mara nne ya zile za kiwango cha 1920 kwa 1080. Programu iliyo rahisi kujifunza yaweza kuielemea kompyuta kuukuu, na programu ngumu yaweza kwenda vizuri. Hapa neno linalofaa ni nyepesi, na kinyume chake nzito. Wafasiri wengine huandika nyepesi kwa maana ya rahisi; tabia hiyo yafaa iachwe, kwani humnyima msomaji habari anayoihitaji kabla ya kununua kompyuta. Programu kadhaa, Kdenlive ikiwa mojawapo, zaweza kutengeneza nakala za muda zenye nukta chache, ili mhariri azikate hizo na mashine ipumue, kisha kazi itolewe kwa picha za asili. Nakala hizo twaweza kuziita nakala nyepesi.

Sasa tutazame upande ambao Kiswahili kina nafuu kuliko Kiingereza. Neno "free" hubeba maana mbili: kitu kisicholipiwa, na kitu kisichofungwa. Sisi tunayo maneno mawili, bure na huru. Programu za Kdenlive, Shotcut na OpenShot ni bure, na pia ni huru, kwa kuwa leseni yake humruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili, kuzigawa na hata kuzirekebisha. DaVinci Resolve ni bure katika toleo lake la chini, lakini si huru. Tofauti hii si ya maneno matupu. Shule ikitaka kuwagawia wanafunzi wote nakala za programu, leseni huru huipa haki hiyo waziwazi; leseni ya bure tupu yataka isomwe kwanza.

Neno lililo hatari zaidi kwa watumishi wa serikali ni usajili. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kuacha kutoa matoleo mapya ya programu zake, Premiere ikiwamo, kwa leseni ya kudumu. Tangu hapo mtumiaji hulipa kwa mwezi au kwa mwaka, na akiacha kulipa programu haimfanyii kazi. Mpango huo hutafsiriwa kuwa usajili, na afisa ugavi asomapo neno hilo hufikiri ni kuandikisha jina mara moja. Bajeti hupita kwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili kazi husimama. Kiswahili kinalo neno kukodi, na kila mtu ajua kwamba kodi ikikoma kitu hurudi kwa mwenyewe. Basi tuseme programu ya kukodi, tuitofautishe na programu ya kununua.

Kadhalika, tuepuke kuita programu za mabingwa programu za kitaaluma. Msomaji wa kawaida ataelewa kuwa ni za vyuo na watafiti. Programu za weledi latosha.

Kwa istilahi hizi ushauri wote waweza kuandikwa kwa mistari michache. iMovie ni bure na ni rahisi, ila hufanya kazi katika vyombo vya Apple tu. Basi gharama yake imo katika chombo. Shotcut ni bure, ni huru, na yamfaa anayeanza na mwenye ujuzi wa kati. DaVinci Resolve ni bure katika toleo la chini, lakini si rahisi wala si nyepesi. Premiere ni ya weledi na ni ya kukodi, hivyo isichaguliwe na ofisi isiyo na fungu la kila mwaka.

Mstari wa namna hiyo humwezesha mwalimu na karani kuamua wenyewe, bila kumtegemea muuzaji. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi, hasa zile zinazotumiwa tayari na wahariri wa video wenyewe, twawaomba watuletee.