Kidhibiti Mwendo Kikiondolewa, Nani Hupata Hasara?



Gari la kasi linalotengenezwa Japani kwa soko la huko kwa kawaida haliongezi mwendo likifika kilomita 180 kwa saa, ingawa injini yake inaweza kuzidi hapo. Nchini Ujerumani viwanda kadhaa vya magari vilipatana, mwishoni mwa miaka ya 1980, kuweka kikomo cha kilomita 250. Kazi hiyo hufanywa na kidhibiti mwendo cha elektroniki.

Chombo kidogo kwenye giaboksi au magurudumu huhesabu mizunguko na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Kikomo kikifikiwa, kompyuta hupunguza petroli au hewa iingiayo katika injini. Fundi anayekiondoa hubadilisha maagizo ya kompyuta, au hufunga kifaa cha kuidanganya ili ione gari linakwenda polepole.

Wenye magari hayo husema wameifungua injini. Ukweli ni kwamba injini haikuongezewa nguvu yoyote. Iliyoondolewa ni kinga. Tairi na breki hubaki zile zile. Ubavuni mwa tairi pana herufi ya mwendo: S ni kilomita 180, H ni 210, V ni 240. Tairi likizidishiwa mwendo hupata joto na laweza kupasuka. Breki nazo, katika kilomita 250, hupewa kazi karibu mara mbili ya ile ya kilomita 180.

Jambo hili si la matajiri wa mbali tu. Mwaka 2003 serikali ya Kenya, wakati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, ilitoa kanuni za kuzitaka matatu zifungwe vidhibiti vya kilomita 80. Baadhi ya vidhibiti hivyo vilichezewa ili safari ziongezeke. Hapa pia hesabu ni ile ile: kutoka kilomita 80 hadi 110, kazi ya breki huwa karibu mara mbili.

Faida ya safari za ziada humwendea mwenye gari. Ajali humpata dereva, utingo na abiria, nao wengi ni wafanyakazi wanaokwenda kazini.

Kwa hiyo, dereva akiamriwa kuendesha gari ambalo kidhibiti chake kimechezewa, asibishane peke yake. Amwarifu mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Matawi nayo yadai, katika mikataba ya hali bora, kwamba kila gari linalobeba wafanyakazi likaguliwe tairi, breki na kidhibiti mwendo.