Mwoga wa Macalder ndiye anayeweka magogo

Kampuni iliyokuwa ikichimba shaba na dhahabu Macalder, kaunti ya Migori, ilifunga kazi mwaka 1966. Wenyeji wakabaki na makarai yao. Hadi leo wanaume huteremka mashimoni na tochi kichwani, na juu wanawake huosha mchanga wa mawe yaliyosagwa, kisha hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki. Kila anayeshuka anajua udongo unaweza kuporomoka.

Je, kuwaza hayo kila asubuhi kunavunja moyo au kunautia nguvu?

Waswahili wamelijadili suala hili kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi juu ya fahari ya mji wa Pate iliyogeuka magofu. Matajiri wamelala kaburini, na majumba yao yamekuwa ya popo. Lakini mshairi haishii kulia. Anaukemea moyo wake uache ghururi na ujirekebishe mapema.

Wapo watakaomtaja Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974 ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Kazimoto ni msomi anayeona maisha hayana maana, na mwishowe anajiua. Ni kweli. Ila aliyemwandika aliishi hadi 2020, akatoa riwaya nyingine nne baada ya hiyo. Kazimoto aliibeba fikra yake peke yake, wala haikumtuma afanye jambo. Kezilahabi aliifanyia kazi na kuwagawia wasomaji.

Shimoni tofauti hiyo huonekana wazi. Anayeamini bahati iko hatua moja mbele huendelea kuchimba bila kuangalia dari. Anayeamini ardhi haina huruma husimamisha kazi, akakata magogo na kuegemeza kuta. Wenzake humwita mwoga, kisha hushuka nyuma yake.

Kwa hiyo fikra chungu ipimwe kwa kile inachomtuma mtu kufanya. Wahenga walipoonya kwamba dunia mti mkavu, walimaliza kwa kutuagiza tusiuelemee.

Tusichanganye haya na sonona, ambayo ni ugonjwa. Jirani asiyelala, asiyekula na anayetaja kujiua, usimletee falsafa wala mahubiri. Mpeleke kituo cha afya, na usimwache peke yake njiani.