Jumapili bingwa, Jumatatu mleta mizigo

Kwenye kipindi cha wiki hii kuna stori moja sikuimaliza, kwa hiyo naiandika hapa.

Nina baiskeli mbili. Ya Jumapili ni nyembamba, ya mbio, nimeinunua kwa rafiki. Navaa zile nguo za kubana, naenda kuzunguka Bois de la Cambre. Wazee wananiinulia kidole gumba: "Allez, champion!" Hii ni nchi ya Eddy Merckx bwana, mshindi wa Tour de France mara 5. Hapa Brussels hata stesheni ya metro ina jina lake, na ndani wameweka baiskeli aliyovunjia rekodi ya saa moja kule Mexico mwaka 1972.

Ya Jumatatu ni nzito, ina kapu mbele na mfuko mkubwa nyuma. Navaa koti na jinzi, napita Matonge, Chaussée de Wavre, hadi kazini. Miguu ni ileile. Lakini sasa ni honi tu nyuma yangu, ingawa tangu Januari 2021 barabara nyingi za jiji mwisho ni kilomita 30 kwa saa.

Wiki yangu ya kwanza kazini, mlinzi wa mlangoni hata hakuniangalia usoni. "Mizigo ni mlango wa nyuma." Nikamwonyesha beji. Akaomba samahani, nikacheka. Halafu siku nzima nilikuwa na kitu kimenikwama kooni.

Sikuumia kwa kudhaniwa mleta chakula. Yule jamaa anapiga kilomita nyingi kuliko mimi, tena kwenye mvua. Kilichoniuma ni kwamba anayepanda kwa kujifurahisha anaitwa bingwa, anayepanda kutafuta mkate hapewi hata salamu.

Nikamsimulia Papa. Hakushangaa. Ujanani, kule Goma, alisukuma chukudu, ile ya mbao yenye magurudumu mawili, imejaa makaa na viazi.

"Watu walikuwa wanasema tu, 'Weye chukudu, songa!' Jina yangu hakuna mwenye aliuliza."

Leo chukudu ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu pale Goma, katikati ya mzunguko wa barabara. Nikamkumbusha.

"Sanamu wanaiheshimu," akasema. "Mwenye kusukuma, bado wanamtukana."

Ndiyo maana hapendi kuniona na kapu. "Miye nilisukuma ili weye upande gari." Namwelewa, na sikubishana naye. Lakini gari sitanunua.

Kitu kimoja nimebadilisha. Nikisimama kwenye taa nyekundu pembeni ya mleta chakula, namsalimia. Juzi mmoja alishtuka, akatoa spika masikioni: "Tunajuana?"

Nikamwambia hapana, tunapanda tu barabara moja. Akacheka, taa ikawaka kijani, akaniacha mbali.

Na nyie huko mliko, mnapanda ya Jumapili au ya Jumatatu? Wazee wenu wanasemaje? Tutumieni sauti, tutazisikiliza pamoja kwenye kipindi kijacho.