Ushahidi wa Skrubu Iliyokatika

Hapana jambo limtialo fundi mashaka kama kuiona skrubu ya chuma kisichoshika kutu, ambacho wengi hukiita stenlesi, ingali inang'aa kama siku iliyotoka dukani, ilhali imekatika kikavu mfano wa kijiti cha kiangazi. Na aghalabu hukumu hutolewa papo hapo kwamba chuma kilikuwa kibovu, ikanunuliwa nyingine ya namna ile ile, nayo ikakatika vile vile. Hukumu hiyo ina taksiri, kwa maana shahidi mkuu, ambaye ni uso wa mkatiko, hakusikilizwa.

Vipande visisuguliwe wala visijaribiwe kuunganishwa, kwani nyuso hizo zikigusana alama hufutika. Vitazamwe kwa lenzi ya kukuzia mara 10. Skrubu iliyozidiwa nguvu hurefuka na kuwa nyembamba shingoni kabla ya kukatika. Iliyochoshwa na mtikisiko wa siku nyingi huacha mistari ya mapinde, kama ile iachwayo mchangani na maji yanapokupwa. Lakini iliyokatika kikavu haikupungua unene, na uso wake huweza kumetameta chembechembe kama bonge la sukari lililomegwa.

Kisha ijaribiwe kwa sumaku. Stenlesi ya kawaida, yenye kromi kadiri ya asilimia 18 na nikeli asilimia 8, haivutwi, au huvutwa kidogo tu kwa sababu ya kufinyangwa ikiwa baridi. Ile ivutwayo kwa nguvu yaelekea kuwa ya jamii iliyotiwa ugumu kwa moto, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni haidrojeni, ambayo huingia chumani kwa tindikali, au kwa kugusana na aluminiamu penye unyevu, ikajificha humo hata skrubu ikakatika saa au siku kadhaa baada ya kukazwa, wala hapana aliyeigusa.

Ile isiyovutwa ina adui mwingine, nayo ni kloridi, iliyomo katika chumvi ya bahari. Ikikutana na mkazo, na mara nyingi joto lipitalo nyuzi 60, hutia chumani nyufa zenye matawi kama mizizi. Hata hivyo joto dogo si amana: huko Uster, Uswisi, mwezi wa Mei 1985, dari ya zege iliyoning'inizwa kwa fito za stenlesi juu ya bwawa la kuogelea iliporomoka ikaua watu 12, kwa kuwa hewa ya bwawa, yenye athari ya klorini, ilizilimbikizia fito kloridi kwa miaka, na hapakuwa na mvua ya kuziosha.

Basi, ewe msomaji, ikikatika skrubu yako, ifunge katika karatasi kavu, uandike siku iliyokazwa, siku iliyokatika, na mahali ilipokaa, ndipo umwendee mjuzi. Kwani kuirudishia nyingine ya namna ile ile kabla ya kuijua sababu ni kuialika ajali ile ile irudi.