Komeo la Kuhesabu (3): Mabehewa ya MV Uhuru

Habari za reli ya kisasa kusogezwa hadi Kisumu na Malaba zimerudi magazetini, nami reli ikitajwa pamoja na Kisumu sinyamazi. Zimekuja wakati mzuri, kwani kijana mmoja mtunzi wa programu, mkazi wa Milimani hapa Kisumu, ameniandikia kwamba komeo la makala ya pili, yaani kizuizi kinachozisubirisha nyuzi (kazi zinazoendeshwa pamoja ndani ya programu) hadi zote zifike, hukwama. Nyuzi zake hulala zisiamke. Nitamjibu. Ila kwanza ateremke bandarini, si mbali na kwake, akaitazame MV Uhuru.

Meli hii ilitengenezwa na Yarrow ya Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kisumu na kuanza kazi 1966. Pacha wake, Umoja, aliangukia Tanzania baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Uhuru ilikaa miaka mingi bila kazi hadi ilipofufuliwa 2019, ikarudia safari za Port Bell, Uganda, na shehena ya mafuta. Inabeba mabehewa yenyewe! Kichwa cha garimoshi huyasukuma kupitia daraja la gati hadi kwenye reli zilizotandikwa melini, hadi 22 kwa safari, kushoto na kulia kwa mizani ili meli isiinamie upande mmoja. Kila behewa likifungwa, yaliyobaki hupungua kwa moja; yakiisha, kamba zinafunguliwa. Behewa la safari ijayo, hata likiwahi, hungoja yadini.

Tumeshaona gharama ya kuidharau hesabu. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na mpaka leo hakuna awezaye kutaja kwa hakika idadi ya waliokufa. Nawasihi vijana wanaoandika programu za hospitali na benki: hesabu ni amana, msiichezee.

Sasa komeo, linalohesabu nyuzi kama meli inavyohesabu mabehewa. Uzi wa mwisho hufikisha hesabu sifuri, huamsha wenzake, na papo hapo huirudisha hesabu mwanzo. Zilizolala zinaamka, zinatazama hesabu, zinaikuta imejaa tena, zinarudi kulala. Basi zisitazame hesabu. Lipe komeo namba ya safari. Kila uzi ukifika ushike kufuli, uikariri namba iliyopo, upunguze hesabu, kisha uachie kufuli na kulala maadamu namba haijabadilika. Wa mwisho, ukiwa bado umeshika kufuli, uongeze namba, urejeshe hesabu, uamshe zote, wala si mmoja. Lugha ya programu ya Java, toleo la 2004, ilileta komeo lisilorudi mwanzo na kizuizi kinachorudi mwanzo, kazi ya Doug Lea na wenzake, na katika hicho cha pili kila safari ina alama yake.

Uzi unaofia njiani kabla ya kuhesabiwa, ukaacha wenzake wakingoja bila mwisho, nitauchambua juma lijalo.