Tarakimu Zinazojaza Kumbukumbu Mapema

Msomaji anayetunza wazee huko Texas ametuuliza: mzee kutoka Mexico, aliyeacha shule darasa la tatu akaenda kulima, akipewa kipimo cha kumbukumbu kilichotungwa kwa Kiingereza, mkalimani akatafsiri neno kwa neno, kisha akaambiwa ubongo wake umedhoofu, je, majibu hayo yaaminike? Yasiaminike. Na sababu yake ni miongoni mwa mambo ninayoyapenda zaidi katika elimu yote ya ubongo.

Tuchukue kipimo kimoja, cha kurudia tarakimu. Mtaalamu hutamka moja kila sekunde: nane, mbili, tano, tisa. Mgonjwa huzirudia kwa mpangilio uleule, na mlolongo hurefushwa mpaka ashindwe. Mtu hudhani hapo hapana utamaduni wala lugha, kwani saba ni saba popote.

Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza kwamba ili tulichokisikia kisipotee, tunajinong'onezea ndani kwa ndani, tena na tena. Mnong'ono huo nauita mzunguko wa sauti. Nilifikiria kuuita kitanzi, lakini kitanzi hukaza na kushika, ilhali sauti hii isipozunguka hufutika.

Mchezo wa mdako ndio unaoueleza vizuri. Mtoto hurusha kete juu, na kabla haijarudi mkononi huzoa kokoto kishimoni. Muda wake wote ni ule ambao kete iko hewani. Kokoto zikiwa ndogo atazoa saba. Zikiwa kubwa huenda akaishia sita, kwa mkono uleule na wepesi uleule. Sasa waweke watoto wawili, mmoja kokoto zake ndogo, mwenzake kubwa, kisha uhesabu kokoto bila kuangalia ukubwa wake. Utamwita wa pili mzito wa mkono, na utakuwa umemdhulumu. Katika kumbukumbu, kete hukaa hewani kama sekunde mbili hivi: mwaka 1975 Baddeley na wenzake walionyesha kuwa mtu hukumbuka takriban maneno anayowahi kuyatamka katika muda huo.

Haya, tuhesabu silabi. Kutoka moja hadi tisa, Kiingereza kina silabi 10 tu, maana ni "seven" peke yake iliyo na mbili. Kihispania kina 15: uno, cuatro, cinco, siete, ocho na nueve zote ni silabi mbilimbili. Kiswahili chetu kina 18, hakuna tarakimu hata moja iliyo fupi.

Ushahidi mtamu zaidi ulitoka Wales mwaka 1980. Ellis na Hennelly waliwapima watu wanaojua Kiwelisi na Kiingereza. Vichwa vilevile vilishika tarakimu nyingi zaidi kwa Kiingereza, kwa sababu zile za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Kisha wakatakiwa kutamka neno jingine mfululizo, ili sauti ya ndani izibwe. Tofauti ikatoweka! Mwaka 1986 Naveh-Benjamin na Ayres walilinganisha Kiingereza, Kihispania, Kiebrania na Kiarabu, na uwezo wa kukumbuka ukafuata kasi ya kutamka tarakimu.

Kwa hiyo mkalimani anapotafsiri tarakimu, anampa mzee kokoto kubwa, na alama zake zinalinganishwa na za waliozoa ndogo.

Kuna kipimo kingine cha kuunganisha kwa mstari namba na herufi, 1 na A, 2 na B. Aliyesoma Kihispania zamani alifundishwa kuwa baada ya C inakuja CH, kwa hiyo mpangilio wa A, B, C, D si ule aliouzoea. Akademia za lugha hiyo ziliacha mpangilio huo mwaka 1994 tu. Shirika la Afya Duniani lilipochunguza athari za UKIMWI kwenye ubongo katika miji kama Nairobi na Kinshasa, herufi za kipimo hicho ziliondolewa zikawekwa rangi, na kipimo hicho cha rangi hutumika pia kwa wasemaji wa Kihispania. Shule nayo ina uzito wake: Alfredo Ardila na Mónica Rosselli walionyesha huko Kolombia kwamba watu wazima wenye afya njema, ila hawakusoma, hupata alama za chini katika vipimo vingi.

Familia ya mzee iombe mtaalamu anayezungumza Kihispania mwenyewe, na iulize alama zitalinganishwa na za nani: watu wa lugha yake, umri wake na miaka yake ya shule? Vigezo vya namna hiyo vipo. Mradi wa NP-NUMBRS ulivikusanya kwa wasemaji wa Kihispania huko San Diego na Tucson, karibu na mpaka wa Mexico. Waliopimwa walikuwa na umri wa miaka 19 hadi 60, kwa hiyo mzee akiwa amepita hapo, daktari atafute vigezo vingine vya wazee kabla ya kuandika neno dimenshia kwenye faili lake.