Kadi za Baba Aliye Vitani
Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918), maduka ya Ufaransa na Uingereza yaliuza kwa wingi kadi za posta zenye picha za askari na watoto. Katika kadi moja, mtoto amepiga magoti kitandani, anasali. Juu yake, ndani ya wingu, anatokea baba na bunduki yake. Picha nyingi zilipigwa studio, mbele ya pazia lililochorwa, kisha zikatiwa rangi, mashavu yakawa mekundu kupita kiasi. Kampuni ya Bamforth, ya mji wa Holmfirth huko Uingereza, iliwatumia wenyeji kuigiza, ikachapa pia beti za nyimbo kwenye kadi. Matope na maiti havikuwa na nafasi humo. Wakaguzi wa barua wa wakati wa vita, bila shaka, hawakuwa na la kulalamikia.